Sarafu Iliyorudi Mlangoni

Germaine hakutaka kuigusa. Alisimama ndani kabisa ya nyumba, mgongo ukutani, akionyesha kizingiti kwa kidole kana kwamba kulikuwa na nyoka.

"Iko pale pale, mama inspecteur. Nilifungua mulango nimwange mayi ya byombo, nikaiona. Tangu saa ile sijapita."

Inspekta Fidélie Mutonkole alichuchumaa. Juu ya saruji ililala sarafu ya kahawia, faranga tano, yenye msalaba wa Katanga. Aliigeuza kwa ncha ya kalamu. Upande wa pili kulikuwa na mkungu wa ndizi na mwaka 1961. Sehemu moja ya ukingo ilikuwa imebapa.

"Unajua kama ni yenyewe?"

"Bwana yangu alikuwa anafungulaka nayo ba vis, skurubu ya radio, myaka yote ya ndoa yetu. Angalia pembeni, inalala. Minye mwenyewe nilimutia mu mukono, mbele ya bantu bote. Nikafunga bidole byake, kimoja kimoja. Halafu tukageuka sawa desturi, bakapiga misumari."

Stanislas, mume wa Germaine, alizikwa baridi ya kiangazi ilipoanza. Sasa mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yanajikusanya juu ya mabomba ya moshi ya Shituru, kiwanda cha shaba cha Likasi, na sarafu yake ilikuwa imerudi nyumbani bila yeye.

Katika mtaa ule wa nyumba za zamani za kampuni ya madini, maiti hakuondoka mikono mitupu. Alipewa sarafu iliyokufa, yaani ile ambayo hakuna duka linalolazimika kuipokea. Ukimpa inayofanya kazi, wazee walisema, atarudi kudai chenji. Ukimpa iliyokufa atatulia, maana yeye nayo wako hali moja. Na misumari ilipopigwa, jamaa wote waligeuza nyuso zao, marehemu asije akawaona anapofungiwa. Mambo hayo yalifanywa na Wakatoliki na walokole vilevile, na padri hakuulizwa.

Hakuna aliyewahi kujiuliza itakuwaje sarafu ikirudi. Kisha mwezi uliopita ikarudi, mlangoni kwa Simone, mjane aliyeuza samaki wa ziwa Tshangalele. Mtaa ulipata jibu kabla ya jua kuzama: marehemu ameikataa, na mkono aliokataa kupokea kitu chake ndio mkono uliomuua. Walimchoma Simone ndani ya nyumba yake. Fidélie alifika kukiwa na majivu, na Simone akafia hospitali bila kusema neno.

Kwa hiyo asubuhi hii Fidélie aliogopa, na hakuona sababu ya kujidanganya. Aliogopa kwa ajili ya Germaine. Tena aliogopa kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu mwaka jana yeye naye alimtia mama yake sarafu mkononi, ile yenye tundu iliyokuwa ikining'inia pamoja na ufunguo wa nyumba.

"Nani mwingine aliona?"

"Mulamu yangu Jeancy, mudogo ya bwana. Alipita akitoka ku kazi. Hakusema kintu, aliniangalia tu. Halafu akaita famille, ndugu bote. Beko ku kaburi. Bakitoka kule, banakuya apa."

"Tuondoke basi. Nikupeleke kwa dada yako ku Mulungwishi."

"Batoto yangu iko kule, banasoma. Nikienda, ninabapelekea moto."

"Basi ku commissariat."

"Mu kasho? Batasema umenifunga juu niko mulozi." Germaine alitikisa kichwa. "Apana, mama. Minye sikuua bwana yangu. Unitafutie mwenye alileta iyi pièce."

Fidélie aliitia sarafu katika bahasha ya kaki, kando ya nyingine ndani ya mkoba, ile ya Simone. Mlangoni alimwacha Dan, polisi mwenye rungu na firimbi. Bunduki ya kituo ilikuwa imekwenda kusindikiza wakubwa, na ulinzi wote wa dola siku ile ulikuwa Dan.

*

Makaburini watu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia, na hakuna aliyepaza sauti. Jambo hilo lilimtisha zaidi ya makelele.

Kaburi la Stanislas lilikuwa zima. Bamba la saruji halikuwa na ufa. Fidélie alilizunguka polepole. Jeancy, mdogo wa marehemu, alikuwa mchimbaji wa madini, na mtu anayechimba mashimo ya kulalia ubavu hashindwi kulifikia jeneza kwa kutokea pembeni. Alitafuta udongo mpya. Alipata nyasi zilizosimama na kichuguu ambacho hakikuguswa.

"Unatafuta tundu?" Jeancy aliuliza nyuma yake. "Minye njo nachimbaka. Kama kungekuwa tundu, ningeliona mbele yako."

"Ulikuwa wapi usiku?"

"Ku mine, na bantu kumi. Uwaulize. Mama inspecteur, unaniwazia minye?"

"Ninawaza kila mutu."

"Waza basi na hii. Ciment iko nzima. Pièce iko inje. Ilitoka namna gani?"

Mama Mimi, mzee wa ukoo, aliyekuwa jirani ya mama yake Fidélie zamani, alijibu badala yake. "Alitoka nayo yeye mwenyewe."

Manung'uniko yalipita katika kundi lile na kuzima. Fidélie alimtazama Jeancy usoni akitafuta hasira, akakuta hofu tupu. Mwenye hasira huchoka akarudi nyumbani, lakini mwenye hofu hakuna anayejua atafika wapi.

"Jeancy, ule ni muke ya yaya yako Stanislas. Alimulisha mu magonjwa yake yote."

"Najua. Nilikulaka kwake. Lakini yaya iko anaita. Tukinyamaza, atakuya kutwaa ingine mu famille. Niko na batoto, mama. Tutamaliza sala, tutashuka. Usisimame mu njia yetu."

Fidélie aliondoka makaburini kwa hatua za kawaida. Alipofika nyuma ya ukuta alikimbia, akasimamisha pikipiki ya kwanza aliyoiona.

*

Maître Évariste, wakili, alikuwa barazani kwake na fulana ya ndani, anakunywa chai. Watu walimcheka kwamba anakumbuka sheria zilizofutwa kuliko zinazofanya kazi. Fidélie hakuwa na muda wa salamu ndefu, akaziweka sarafu mbili mezani.

"Unieleze iyi feza. Haraka."

"Haiko feza tena, mama. Ilikuwa." Évariste alivaa miwani. "Cours légal ni kintu kimoja tu: feza yenye muntu hawezi kukatala. Ukinilipa nayo, nitwae, nitake nisitake. Serikali ikiondosha ile lazima, inabakia kipande ya shaba. Hii balipiga mu soixante et un, wakati ya Katanga yao. Sécession, kule kujitenga, ikakufa kisha myaka mbili, mu soixante-trois, na pièce nayo ikakufa. Halafu makuta, halafu zaïre, halafu nouveau zaïre, halafu franc. Kila mukubwa akiingia anaua feza ya mwenzake. Bababa yetu balibakia na mikebe imejaa, na hakuna mwenye kuitaka. Tukabapatia benye kufa."

"Nani anaweza kuiba kintu chenye hakuna mwenye kukitaka?"

Wakili aliacha kutabasamu. "Mwenye alisikia kama kuko ingine. Mwaka ule ule balipiga za zahabu. Faranga tano, ndizi zile zile, musalaba ule ule. Hata iyo kwa sheria ni kintu bure, lakini kuko bazungu banaoitafuta na dolari mu mukono. Bamoja bazee balizipaka masizi na vernis ya mbao zifanane na shaba, juu basoda ya jeshi basizione. Ukiokota moja leo, hauwezi kujua mpaka ukwangue."

Ukwangue. Fidélie aliiinua sarafu ya Stanislas kwenye mwanga. Ukingoni, mbali kidogo na pale palipobapa, kulikuwa na mkato mdogo. Ndani yake shaba ilikuwa nyekundu, mpya. Aliichukua ya Simone. Mkato ule ule, umbo lile lile, mpana juu na mwembamba chini.

"Kisu," alisema Évariste.

"Kisu kinaacha mustari. Hii iko na pembe."

Ndipo aliona jambo ambalo mtoto yeyote wa Likasi angeliona kama asingekuwa anatetemeka. Katika mji ule kila bomba, kila waya, kila bati lililoguswa na shaba huota ukungu wa kijani baada ya mvua moja. Sarafu hii ilisemekana kulala miezi yote ardhini, katika kiganja cha maiti. Haikuwa na doa la kijani hata moja.

"Haikuingia mu kaburi," alisema.

"Nini?"

"Ciment iko nzima juu hakuna mwenye kuifungua. Pièce ilibakia inje tangu siku ya kilio. Germaine alifunga bidole, bantu bakageuka. Bote baligeuka, maître. Bote, ila mutu moja."

Évariste alielewa, akaweka kikombe chini. "Lakini ujue, parquet, benye kushitaki, batakucheka. Kwa sheria hapa hakuna feza yenye iliibiwa."

"Simone hakucheka," alisema Fidélie, akaziokota sarafu zake.

*

Karakana ya Ruphin, fundi wa majeneza aliyewapigilia misumari maiti wote wa mtaa, ilikuwa kando ya reli. Waswahili husema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na Fidélie, akisimama peke yake mbele ya mlango ule bila hata rungu, aliona waliosema hivyo walikuwa na akili. Aliingia.

Ruphin alikuwa amekonda. Taa iliwaka ingawa ilikuwa mchana, na godoro lake lilikuwa limesogezwa hadi chini ya taa.

"Kaka Ruphin, unipatie tupa ya kunolea musumeno."

"Ya nini?"

"Unipatie."

Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, tupa ya pembe tatu, ambayo ni maseremala tu wanaoitumia kwa meno ya msumeno. Fidélie alilaza pembe yake ndani ya mkato wa sarafu ya Simone. Iliingia na kutulia. Aliilaza katika ya Stanislas. Ikatulia vilevile.

Ruphin aliketi juu ya jeneza lililokuwa karibu, kisha akaruka kama aliyeungua, akaketi chini sakafuni.

"Sikufungua kaburi, mama. Mungu anaona."

"Najua. Ulipata muda gani?"

"Ule wa kugeuka. Bote banapatia sanduku mugongo. Unafungua bidole, unatwaa, unapiga musumari." Alifuta uso. "Muntu ya Lubumbashi aliniambia ya zahabu. Nilikwangua. Ilikuwa shaba tu. Zote shaba tu."

"Na ulizirudisha juu ya nini? Ungezitupa mu reli, hakuna mwenye angejua."

"Kutupa?" Ruphin alimtazama kama mtu anayesikia kufuru. "Ni ya benyewe! Balikuya, mama. Nikizima taa, mikono inapapasa mu shuka yangu. Inatafuta. Nilisema niirudishe ku mulango, mwenye kuitia ataona, atajua fasi ya kuitia tena. Njo nilirudisha ya bwana ya Simone."

"Na bakamuchoma Simone."

"Nilisikia. Nilitoka niseme. Nikaona ule moto, miguu ikakatala."

"Ukajua vile. Na jana ukapeleka ingine kwa Germaine."

Fundi alianza kulia bila kujificha. "Stanislas alikuwa anasimama apa, pa mulango. Nilimuogopa kupita vile nilimuhurumia Germaine. Nilimuogopa kupita weye. Unisamehe."

Fidélie hakuwa na msamaha wa kumpa. Alikuwa na maelezo ya mshukiwa, tupa moja na sarafu mbili, na jua lilikuwa limekwisha kuja utosini. Alikumbuka kuuliza swali la mwisho, lile linaloulizwa kila mara.

"Kuko ingine?"

Ruphin alisogea hadi kwenye godoro lake. Alitazama sakafu, halafu akatia mkono chini ya godoro.

"Hii sikuweza. Ni mulango ya polisi. Nilifika mpaka ku barabara yako, nikarudi."

Sarafu ilikuwa na tundu juu ya ndizi. Mkato wa pembe tatu ulikuwa kando ya tundu.

Fidélie aliipokea, akajishika kwenye benchi la useremala. Mama yake alikuwa amelala mwaka mzima chini ya saruji na kiganja kitupu. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi: ingawa alijua kila kitu, ingawa mwizi alikuwa miguuni pake analia, mwili wake uliamini. Alihisi mtu amesimama mlangoni. Ilimchukua muda kugeuka, na hapakuwa na mtu.

Angeweza kuitumbukiza mfukoni na kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

Ng'ambo ya reli kulikuwa na askari wawili wa stesheni, akawakabidhi Ruphin. Alikwenda nao upesi upesi, karibu kwa furaha, akauliza tu kama mahabusu kuna taa.

*

Kelele alizisikia kabla pikipiki haijakata kona. Mbele ya nyumba ya Germaine watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Dan alisimama mlangoni amenyoosha mikono, firimbi mdomoni, na hofu ilimfanya asahau kuipuliza. Jeancy alikuwa mbele ya wote na bidoni. Harufu ya petroli ilifika hadi kwenye kona.

Fidélie alipita katikati yao. Hawakumzuia. Alipanda kizingiti, pale pale ilipokuwa sarafu asubuhi, akageuka.

"Stanislas hakukatala kintu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akarudia kwa nguvu. "Pièce haikuingia mu kaburi. Muangalie: kutu ya kijani iko wapi? Ruphin aliiondosha mu mukono wakati muligeuka. Alikuwa anatafuta zahabu. Amekubali."

"Atuambie yeye mwenyewe!" mtu alipiga kelele. "Mutuletee!"

"Iko mu kasho."

"Munamuficha! Germaine amekupatia kitu!"

Kundi lilisogea hatua moja. Fidélie alihisi mgongo wake umegusa mlango, na nyuma ya mlango alisikia Germaine anasali Salamu Maria, anaanza upya kila baada ya maneno matatu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mkweli siku ile nayo ilikuwa imefika ukutani. Maelezo yalikuwa yamekwisha. Ilibaki ile ya mfukoni.

Aliitoa, akainyanyua wote waione.

"Mama Mimi. Unajua iyi?"

Mzee alisogea, akakaza macho. Mkono ukaenda mdomoni. "Ya ufunguo. Ni ya mama yako."

"Nani alimutia mu mukono?"

"Weye, mwanangu. Nilikuwa pale."

"Imerudi." Aliilaza kiganjani, akaunyoosha mkono kwao. "Leo, iko mu mukono yangu. Basi kwa sheria yenu minye nilimuua mama yangu. Jeancy, uko na essence. Anzia na minye, halafu utaingia kwa Germaine."

Jeancy hakusogea. Petroli ilikuwa inadondoka kidogo kidogo kwenye kiatu chake.

"Baba yenu alikufa mwaka jana," alisema Fidélie. "Nani alimutia pièce?"

"Mama inspecteur, usi..."

"Nani?"

"Minye."

"Na nani alipiga misumari?"

Midomo ya Jeancy ilisogea, jina likaonekana bila kusikika.

"Kuko nani apa mwenye hajatia mutu yake pièce?" Fidélie aliwazungusha macho, uso kwa uso. "Kuko nani mwenye sanduku yake haikufungwa na Ruphin? Na weye unajua nini iko mbele ya mulango yako saa hii?"

Mama Mimi ndiye aliyeondoka kwanza. Hakuaga. Alikunja kitenge, akashika njia ya nyumbani kwake haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu. Kisha wanawake wawili, kisha mwanamume aliyekuwa ameshika jiwe, ambaye aliliweka chini taratibu. Punde barabara nzima ilikuwa ya watu wanaokwenda upesi, kila mmoja kuelekea kizingiti chake.

Jeancy alibaki wa mwisho. Alilaza bidoni ubavuni, petroli ikanyweka mchangani.

"Ya baba iko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijue, Jeancy. Tutamuuliza."

Alitikisa kichwa akaondoka, akitembea katikati kabisa ya barabara, mbali na milango ya watu. Dan alikumbuka firimbi, akaitoa mdomoni na kuifuta.

Mlango ulifunguka nyuma ya Fidélie. Germaine alitazama nje, akatazama chini, akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mukono yako iko natetemeka, mama."

"Niko naogopa," alisema Fidélie. "Mama yangu alienda bila kintu."

Germaine hakusema kwamba ni mambo ya bure. Alimshika mkono wenye sarafu, akamfunga vidole juu yake, kimoja kimoja, kama alivyomfunga Stanislas, akaendelea kuushika. Fidélie hakuuvuta.